Masisi na Walikale: Shimo la choo ni la mwenye nyumba, lakini dale ni ya nani?

Mvua ya Septemba inaporudi katika vilima vya Masisi, akina mama wengi hawaanzi kwa kuangalia paa la nyumba. Wanaangalia kwanza miti iliyolazwa juu ya shimo la choo. Mti uliokatwa mwaka jana umekwisha kuliwa na mchwa, udongo uliopakwa juu yake umepasuka, na maji yameanza kula kando za shimo. Mtu mzima anaweza kukanyaga kwa kubahatisha. Mtoto wa miaka 4 haruhusiwi tena kuingia. Anaambiwa aende nyuma ya migomba.

Hapo ndipo shida inapoanza. Kile ambacho mtoto ameacha nyuma ya migomba, mvua ya jioni inakishusha bondeni, mpaka kwenye chemchemi ambako jirani atachota maji asubuhi.

Katika teritware za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, jamaa nyingi bado zinatumia choo cha namna hii. Kwa miaka mingi jibu la serikali na la wafadhili lilikuwa moja: kila mwenye nyumba ajichimbie choo chake. Habari hii inaeleza kwa nini jibu hilo peke yake halitoshi tena katika teritware hizi mbili, ni makuta gani ya umma ambayo sheria tayari imeyaweka, na ni kitu gani hasa makuta hayo yangeweza kununua.

Choo cha miti kinachoka upesi

Choo cha kienyeji ni kazi ya siku chache. Watu wanachimba shimo la mita 2 au 3, wanalaza miti, wanapaka udongo, kisha wanazungushia matete, majani ya migomba au shitingi ya zamani. Ikiwa jamaa ina nguvu na ina miti karibu, hakuna franka inayotoka mfukoni. Ndiyo sababu choo hiki kimeenea kila mahali.

Lakini kina kasoro tatu. Ya kwanza ni miti yenyewe: inaoza kwa unyevu, sakafu inashuka, na siku moja inaanguka. Ya pili ni sakafu ya udongo: haiwezi kuoshwa, uchafu unaingia ndani yake na minyoo inapata makao. Ya tatu ni tundu lisilo na kifuniko: inzi wanaingia na kutoka, wanabeba uchafu mpaka kwenye sahani.

Ardhi nayo ina neno lake. Masisi ni teritware ya milima mikali. Shimo lililochimbwa kwenye mteremko linajaa maji yanayoshuka, kisha linabomoka. Ukitelemka kuelekea Sake na Goma, unakuta mawe ya volkano, na huko kuchimba hata mita 2 ni kazi ya nyundo na mtaimbo. Walikale ni habari nyingine. Ni msitu mkubwa unaopata mvua karibu mwaka mzima, teritware yenye kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Katika mabonde ya mto Lowa na vijito vyake, maji ya ardhini hayako mbali, na mchimbaji anaweza kuyakuta kabla shimo halijawa refu.

Shimo likigusa maji hayo, linageuka njia ya kupeleka uchafu kisimani. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada yanazifuata duniani kote, zinaomba sehemu ya chini ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5, na choo kiwe mbali na chemchemi au kisima kwa angalau mita 30.

Kwa hiyo kubadilisha choo cha zamani hakutegemei nia njema tu. Kunahitaji sakafu isiyooza, mawe ya kujengea kando za shimo pale udongo ni laini, na mahali pengine choo kilichoinuliwa juu ya ardhi. Hiyo ni simenti, ni vyuma, ni mchanga, ni fundi. Vyote vinauliza makuta. Na huko Walikale, simenti inayofika kutoka Bukavu kwa njia ya Hombo, au kwa ndege, inauzwa pamoja na bei ya matope, ya mafuta na ya vizuizi vyote vya njiani.

Kolera inapita njia ile ile

Kipindupindu, ambacho wengi huku tunakiita kolera, si mgeni Kivu. Wazee wa Goma na wa Sake bado wanakumbuka Julai 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu. Mawe ya volkano yalikuwa magumu kiasi kwamba haikuwezekana kuchimba vyoo upesi, wala makaburi. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, na kolera pamoja na kuhara damu ndizo zilizobeba wengi wao.

Miaka 29 baadaye, njia ilikuwa ile ile. Katika miezi 7 ya kwanza ya mwaka 2023, shirika la UNICEF lilihesabu nchini Kongo zaidi ya watu 31,000 waliougua kolera au kushukiwa kuwa nayo, na 230 waliokufa. Zaidi ya 21,000 kati ya wagonjwa hao walikuwa wa Kivu Kaskazini peke yake, na zaidi ya 8,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kolera ina matibabu. Mgonjwa anayepewa haraka maji ya chumvi na sukari, au serumu akiwa amezidiwa, karibu kila mara anapona. Asiyetibiwa anaweza kufa kwa saa chache. Lakini serumu inamponya mtu mmoja, haifungi njia ambayo ugonjwa ulipitia. Kama choo kimeanguka na chemchemi iko chini yake, mgonjwa anayetoka hospitalini anarudi kunywa maji yale yale.

Na si kolera tu. Kuhara kwa watoto, homa ya matumbo na minyoo vinatumia njia hiyo hiyo. Ripoti za pamoja za OMS na UNICEF zinaonyesha kwamba nchini Kongo ni watu karibu 15 tu kati ya 100 wanaotumia choo bora cha jamaa yao, wasichochangia na jamaa nyingine.

Kile Village Assaini ilifanya

Haiwezekani kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Tangu mwaka 2008 hivi, Wizara ya Afya ikisaidiwa na UNICEF ilipeleka vijijini mpango uliojulikana kwa jina la Village Assaini. Uingereza ilikuwa kati ya wafadhili wake wakubwa. Wengi wetu tumeona kibao chake kando ya barabara.

Mpango ulikuwa na masharti yanayoeleweka. Ili kijiji kipewe cheti, kilipaswa kuwa na komite inayofanya kazi, asilimia 80 ya wakaaji wapate maji safi, asilimia 80 ya jamaa zitumie choo bora, na asilimia 80 zitupe takataka zao vizuri. Watu 60 kati ya 100 walipaswa kunawa mikono kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, 70 kati ya 100 waelewe jinsi magonjwa ya uchafu yanavyoambukizwa, na kijiji chote kisafishwe angalau mara moja kwa mwezi. Hiyo ya mwisho Wakongomani wote wanaijua: ni salongo.

Upande wa choo, kazi iliachiwa jamaa yenyewe. Mpango ulileta mafundisho, vyombo vya kazi, na mahali pengine simenti ya kufyatulia dale. Mwenye nyumba alileta nguvu zake, shimo, miti na majani. Wazo lilikuwa hili: mtu akijengewa choo bure hatakitunza, akijijengea atakitunza. Ni wazo lenye maana. Mahali penye amani lilizaa matunda.

Lakini lilisimama juu ya mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaweka kati ya masharti: kwamba jamaa itabaki pale ilipojenga, na kwamba jirani aliyeshika cheti jana atakuwepo kesho kukiangalia.

Vita havikuhesabiwa

Tufuate tarehe. Januari 2023, M23 wanaingia Kitchanga, na wakaaji wanakimbia. Tarehe 30 Aprili 2024 ni zamu ya Rubaya. Mwanzo wa Januari 2025 Masisi-centre inaanguka, kisha Sake, kisha mji wa Goma mwishoni mwa mwezi huo huo. Februari 2025, kambi zilizozunguka Goma, kama Bulengo, Lushagala na Rusayo, zinaondolewa, na watu wanaambiwa warudi kwao. Machi 2025 Walikale-centre inaingiliwa, wakaaji wanajificha msituni, kisha M23 wanaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Sasa tuchukue mfano wa jamaa moja ya Masisi ambayo imepitia hayo yote. Mwaka 2022 ilikuwa na choo chake. Mwaka 2023 ilikuwa kambini, ikitumia choo cha shitingi pamoja na jamaa nyingine nyingi. Kanuni za Sphere zinaomba choo kimoja kwa watu 20, na kwa siku za kwanza za dharura zinakubali watu 50. Mwaka 2025 jamaa hiyo inarudi kijijini: nyumba haina mabati, shamba limekuwa kichaka, shimo la choo limebomoka. Kitu cha kwanza itakachotafuta ni chakula, cha pili ni paa. Choo kitakuja cha tatu au cha nne, na kitajengwa kwa miti ile ile.

Hii si jamaa isiyojua usafi. Imekwisha kufundishwa labda mara mbili au tatu. Kilichokosekana si mafundisho.

Tena, mkono uliokuwa ukijenga vyoo vya dharura umepungua. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa ikilipa karibu asilimia 70 ya makuta ya misaada ya kibinadamu yaliyopatikana nchini Kongo. Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za maji na vyoo zikasimama wiki hiyo hiyo. Tangu hapo swali linarudi nyumbani: makuta ya umma ya Kongo yenyewe yanafanya nini?

Sheria inasema makuta yako wapi

Tuanze na Katiba. Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya nyumba yenye heshima, ya maji safi na ya umeme. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi. Neno choo halikuandikwa, lakini nyumba yenye heshima isiyo na choo ni nyumba gani? Hata Umoja wa Mataifa, tarehe 28 Julai 2010, ulitambua maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya mwanadamu, vyote viwili katika azimio moja.

Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilishusha kazi ya kuwapa watu maji mpaka kwa majimbo na kwa vyombo vya utawala vya chini. Vyombo hivyo ndivyo vinavyoitwa ETD: miji, komuni, secta na usultani. Masisi ina usultani 2, wa Bahunde na wa Bashali, na secta 2, Katoyi na Osso-Banyungu. Walikale ina secta 2: Wanianga na Bakano. Kwa hiyo tukisema serikali iko mbali, Kinshasa, tunasahau kwamba kuna ofisi 6 karibu yetu zenye haki ya kuandika bajeti.

Bajeti hiyo ingetoka wapi? Katiba, kifungu cha 175, inatoa kwa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwao. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya ETD inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo ni ya ETD. Fanya hesabu: katika kila franka 100, jimbo linapaswa kupata 40, na katika hizo 40, secta na usultani, pamoja na miji na komuni, vinapaswa kugawana 16.

Kila anayefuata habari za utawala anajua kwamba fungu hilo halikatwi pale mapato yanapopatikana, kama Katiba inavyosema. Linapanda kwanza Kinshasa, kisha linarudishwa likiwa limepungua na limechelewa. Kile kinachofika kwenye secta mara nyingi kinaishia kwenye mishahara na safari. Choo cha raia hakina mtetezi katika mkutano huo.

Mwaka 2022 serikali ilianzisha pia mpango wa maendeleo ya teritware 145, unaojulikana kama PDL-145T, wa zaidi ya dola bilioni 1.6. Kazi zilizotangazwa zaidi zilikuwa shule, vituo vya afya, majengo ya utawala, barabara na visima. Shule na kituo cha afya vinahitaji vyoo vyao, na hilo ni jambo jema. Lakini mwanafunzi anayetumia choo kizuri shuleni saa 4 asubuhi anarudi nyumbani saa 8, na huko anakuta miti iliyooza.

Kasiterite ya Bisie, shimo la Walikale

Walikale ina njia nyingine ya makuta ambayo teritware nyingi hazina. Mgodi wa Bisie, katika secta ya Wanianga, unaochimbwa na kampuni ya Alphamin, ulitoa mwaka 2024 zaidi ya tani 17,000 za madini ya bati. Hiyo ni karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Machi 2025 kazi ilisimama kwa sababu ya vita, kisha ikaanza tena Aprili.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema nini? Kwa bati, kampuni inalipa ushuru wa asilimia 3.5 ya thamani ya mauzo. Kifungu cha 242 kinagawa ushuru huo: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa ETD ambako madini yanachimbwa. Mbali na hayo, kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji vinavyozunguka mgodi.

Tulete hesabu chini, ili kila mtu aishike mkononi. Madini yakiuzwa dola milioni 1, ushuru ni dola 35,000. Fungu la ETD ni dola 5,250. Fungu la vijiji, ile asilimia 0.3, ni dola 3,000. Jumla ni dola 8,250 kwa kila milioni moja inayouzwa. Mwaka 2024 tani moja ya bati ilikuwa ikiuzwa karibu dola 30,000 kwenye soko la dunia. Msomaji anaweza kuendelea na hesabu mwenyewe, akijua kwamba milioni hizo si moja wala mbili.

Haina maana kwamba makuta yote hayo yaende kwenye vyoo. Barabara, shule na hospitali vinayadai pia. Ila inaonyesha kwamba neno hakuna makuta, ambalo tumelizoea, halitoshi kama jibu kwa mkaaji wa Njingala, wa Mubi au wa Walikale-centre.

Masisi nayo ina utajiri wake, koltani ya Rubaya. Lakini tangu Aprili 2024 migodi hiyo iko mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa mwaka huo kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya huko angalau dola 800,000 kwa mwezi. Makuta hayo hayapiti kwenye bajeti ambayo raia anaweza kuisoma. Ongeza kwamba Masisi, sawa na Rutshuru, haikupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita. Raia wa huko alinyimwa kura ile ile ambayo wengine wanaitumia kudai barabara, maji na choo.

Wengine walifanya nini

Swali la makuta ya umma na choo cha nyumbani limegawanya wataalamu kwa miaka 40.

Zimbabwe, baada ya kupata uhuru, ilichagua njia ya simenti. Choo chao, kilichobuniwa na Peter Morgan katika maabara ya Blair, kina bomba la hewa lenye wavu unaonasa inzi. Serikali na wafadhili walitoa mifuko ya simenti kwa jamaa za vijijini, na mwenye nyumba akatoa shimo, matofali, mchanga na kazi. Vyoo vingi sana vilijengwa. Kisha, katika miaka ya 1990, makuta yalipungua, na ujenzi ukapungua nao. Funzo ni kwamba msaada mkubwa kwa kila choo hauwezi kudumu.

Bangladesh, karibu mwaka 2000, Kamal Kar alianzisha njia iliyo kinyume. Hakuna msaada wowote. Wanakijiji wanatembezwa mpaka mahali wanapojisaidia, wanaelezwa kwamba wanakula uchafu wao wenyewe, na aibu inawasukuma kuchimba. Njia hiyo ilienea Afrika yote, na Kongo pia. Tanzania ilifanya kampeni yake kuanzia mwaka 2017 kwa jina la Nyumba ni Choo. Faida yake ni kwamba haina gharama kubwa. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi inazaa choo cha miti, na choo cha miti kikianguka wengine wanarudi porini.

Kenya ilijaribu njia ya katikati katika mitaa maskini ya miji. Mfuko wa serikali wa sekta ya maji, ukisaidiwa na Ujerumani na wakfu wa Bill na Melinda Gates, ulimrudishia mwenye kiwanja sehemu ya gharama, lakini baada ya choo kumalizika na kukaguliwa. Asiyejenga hapati. Aliyejenga vibaya hapati. Makuta ya umma yanakwenda mahali ambapo kuna kitu cha kuonyesha kwa macho.

Dale inayobebeka

Njia gani inafaa Masisi na Walikale? Kumjengea kila mtu choo kizima ni ndoto. Kumwambia ajitegemee kwa kila kitu kumekwisha kujaribiwa. Lakini kuna sehemu moja ya choo ambayo jamaa haiwezi kuikata msituni: dale ya simenti.

Dale ndogo inayoitwa SanPlat, iliyoanzia Msumbiji katika miaka ya 1970, ina sentimita 60 kwa 60. Ina tundu, mahali pa kuweka miguu, na kifuniko. Inaoshwa kwa maji na majivu. Haiozi, mchwa hawaili. Shimo likijaa, dale inatolewa na kuhamishiwa kwenye shimo jipya, na juu ya shimo la zamani, likisha kufunikwa vizuri kwa udongo, unapanda mgomba. Inafyatuliwa kijijini na fundi aliyefundishwa, kwa kalibu moja, simenti, mchanga na chuma kidogo. Watu wawili wanaibeba. Zile za plastiki, ambazo tuliziona kambini, mtu mmoja anazibeba.

Kwa teritware ambayo watu wake wamehama mara tatu kwa miaka mitatu, jambo hilo lina uzito. Jamaa ikikimbia, inaweza kuiacha dale imefukiwa chini ya ardhi, na ikirudi ikaifukua. Shimo jipya ni kazi ya siku chache, na sakafu ipo.

Mgawanyo wa kazi unakuwa rahisi kueleweka. Shimo, kuta na paa ni vya mwenye nyumba. Dale ni ya makuta ya umma. Komite ya kijiji pamoja na reko wa eneo la afya wanakagua kwanza kama shimo limechimbwa, kama liko mbali na chemchemi, kama haligusi maji. Likikubaliwa, dale inatolewa. Kwa mjane, kwa mzee asiye na mtoto, kwa mtu mwenye ulemavu, salongo ya kijiji inachimba shimo.

Mahali penye viwanja vidogo, kama Mubi au Walikale-centre, hapana nafasi ya kuchimba shimo jipya kila mara. Huko panafaa mashimo 2 yanayopokezana: moja linatumika, lingine limefungwa. Baada ya miaka 2 uchafu wa lile lililofungwa umekuwa udongo, na linaweza kufukuliwa bila hatari kubwa. Hapo gharama inapanda, na haki inataka fungu la umma lipande nayo.

Kuna hatari, na ni vizuri kuitaja. Simenti ya bure inaweza kupotea njiani, au kuonekana kwenye nyumba ya mkubwa. Orodha ya wapokeaji inaweza kujaa majina ya ndugu wa chifu. Ndiyo maana dale iliyokwisha kufyatuliwa ni bora kuliko mfuko wa simenti: haina kazi nyingine, haiuziki kirahisi, na kila mtu anaiona ilipo.

Maswali ya kupeleka ofisini

Mpango wa taifa wa kumaliza kolera uliandikwa kwa miaka 2023 mpaka 2027. Vita havijamalizika, na sehemu kubwa ya Masisi iliingia mwaka 2025 chini ya utawala wa AFC/M23, huku ofisi za jimbo zikihamia Beni. Msomaji anaweza kusema huu si wakati wa kuongea juu ya vyoo. Lakini kolera haingoji amani, inangoja mvua.

Kwa walioko Walikale, ambako secta bado zinafanya kazi, kuna maswali ambayo shirika la raia, wachungaji, walimu na chifu wa nyumba kumi wanaweza kuyapeleka ofisini bila kungoja mtu wa Goma wala wa Kinshasa. Mwaka huu secta ilipokea kiasi gani cha ushuru wa madini, na kiasi gani cha fungu la taifa? Je, kuna mstari wowote katika bajeti unaoitwa usafi wa mazingira? Kama upo, ulinunua nini, na kijiji gani? Ni nani anayekaa kwenye kamati ya lile fungu la asilimia 0.3, na lini alirudi kijijini kutoa hesabu?

Kwa waliorudi Masisi, swali ni jingine, na linamhusu yeyote anayewaomba raia ushuru leo, awe nani: ushuru huo unarudi kwa raia kwa sura gani?

Na kwa jamaa yenyewe kuna kazi isiyongoja bajeti: kuhamisha shimo mbali na chemchemi, kuchimba mfereji wa kugeuza maji ya mlimani, kuweka kifuniko hata cha ubao, na kutundika kidumu cha maji na kipande cha sabuni mlangoni. Hayo mwenye nyumba anayaweza, na wengi wameyafanya tayari. Sehemu yake ameimaliza. Sasa anangoja dale.